UZI: Kampuni za BMX, za zamani na za leo. Jina lililo kwenye fremu linakuambia nini?

MwanaKatuba (mwenye uzi)

Jambo yenu wote.

Kontena zikifunguliwa hapa Lubumbashi, katikati ya majokofu, magodoro na viti vya ofisi hutoka pia BMX, zile baiskeli ndogo za inchi 20 za mbio za vumbini na kuruka, ambazo watoto wa Ulaya wameshaziacha. Nyingi huishia soko la Kenya, hapahapa mjini, nyingine huzungushwa mitaa ya Katuba na Kamalondo na vijana wanaotafuta mnunuzi. Zinauzwa kwa jina: "Hii ni GT, mukubwa, angalia maandishi." Nimeshuhudia fremu mbili zenye jina moja zikitajiwa bei moja, ilhali ni vitu viwili tofauti kabisa. Ya kwanza kromoli (chuma imara kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu) ya miaka ya 1980, nyepesi, mishono ya moto imelala vizuri. Ya pili bomba nene la chuma cha kawaida, imetengenezwa ipangwe kwenye rafu za supamaketi. Yenye kutu ilikuwa ile ya kwanza, basi mnunuzi akaondoka na ya pili. Fremu nyingine nzuri za aina hiyo nimezikuta zimekatwa, zimechomelewa kwenye toroli za makala (mkaa). Inaniuma kweli.

Hoja yangu ni moja. Jina la kampuni ya BMX ni mali inayouzwa kama kiwanja, na mnunuzi mpya halazimiki kujenga nyumba ileile. Ukiletewa baiskeli, ukishasoma jina uliza mambo mawili: ni ya mwaka gani, na mwaka huo jina hilo lilikuwa mikononi mwa nani?

Nitaandika kwa vipande. Mwenye la kuongeza aingie wakati wowote.

MwanaKatuba

KIPANDE CHA 1: WALIOANZA

BMX ilizaliwa kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watoto waliwaona wakubwa wakishindana kwa pikipiki kwenye vumbi, nao wakaingia vumbini na baiskeli walizokuwa nazo. Nyingi zilikuwa Schwinn Sting-Ray, iliyotoka Chicago mwaka 1963 chini ya Al Fritz: ringi za inchi 20, stelingi iliyopanda juu, kiti kirefu. Mwaka 1970 kijana wa miaka 13, Scot Breithaupt, aliandaa mashindano kwenye kiwanja kitupu cha Long Beach. Tatizo ni kwamba Sting-Ray haikuundwa kwa kuruka. Ukiitua vibaya foko (uma unaoshika gurudumu la mbele) inapinda, ringi inakunjika, kranki (mikono ya pedeli) inakatika.

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi katika historia hii yote, kwa sababu karibu kila kampuni kubwa ya mwanzo ilitokana na kitu kilichovunjika. Linn Kastan wa Redline alikuwa anatengeneza fremu za pikipiki za mashindano. Akawatengenezea watoto foko ya mabomba ya kromoli, na baadaye kranki ya vipande vitatu iliyoitwa Flight. Skip Hess wa Simi Valley alitoka kwenye magari ya mbio. Alipoona jinsi ringi za spoki zinavyokufa mikononi mwa watoto, akamimina gurudumu zima la aloi na kuliita Motomag. Kampuni yake, BMX Products, ndiyo iliyozaa jina la Mongoose katikati ya miaka ya 1970. Skyway ya mji wa Redding wakaleta gurudumu la nailoni lenye mikono mitano, Tuff Wheel, ambalo mpaka leo linatengenezwa. Gary Turner alimchomelea mwanawe fremu ya kromoli, wengine wakaiona wakaitaka, na mwaka 1979 akaungana na Richard Long, mwenye duka la baiskeli, wakafungua GT.

Breithaupt naye alikua akafungua SE Racing mwaka 1977. Fremu yao iliyotia fora ni PK Ripper, ya alumini, yenye mabomba yaliyobanwa kidogo yasiwe mviringo kamili. PK ni Perry Kramer, mshindani wa wakati ule.

Halafu yuko Bob Haro. Yeye alianza kwa kutengeneza vibao vya namba za mashindano. Akawa pia anacheza na baiskeli nje ya njia ya mbio, anaizungusha, anasimama juu yake, anapanda ukutani, na mwaka 1982 akatoa fremu ya kwanza iliyokusudiwa hasa mchezo huo, fristaili. Aliyezichomelea fremu hizo ni kampuni nyingine, Torker, ambayo yenyewe ilifilisika muda mfupi baadaye. Kwa hiyo hata enzi hizo tunazoziita za dhahabu, mwenye jina na mwenye moto hawakuwa mtu mmoja kila mara.

Petit_Kampemba

Yaya, umewaacha Wajapani! Kuwahara ni ya Osaka, ilianza 1918, kabla hata bibi zetu hawajazaliwa. Ile filamu ya E.T. ya 1982, watoto wanaokimbizwa na polisi wako juu ya Kuwahara, na huyo Bob Haro wako alikuwa kati ya wapandaji waliocheza sehemu za hatari. Kuna jirani huku Kampemba ana fremu nyekundu na nyeupe imeandikwa Kuwahara, iko nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu yake. Nitarudi kuuliza habari zake.

Papa_Kamalondo

Mwanangu MwanaKatuba, umeandika vizuri. Niruhusu mzee niongeze upande wa Ulaya, kwa sababu kontena zetu hazitoki California.

Sisi wazee Raleigh tunaijua kwa zile kinga (baiskeli) nyeusi, nzito, zenye breki za vyuma. Raleigh hiyohiyo ya Nottingham ilitoa BMX mwaka 1982, wakaiita Burner, na vijana wa Uingereza waliipokea sana. Ukiona Burner ya miaka ile, yenye rangi yake ya asili, usiipake nyingine. Kiwanda cha Nottingham kiliacha kuunda baiskeli mwaka 2002. Jina limebaki, na mwaka 2012 likanunuliwa na Accell ya Uholanzi.

Kwa Wafaransa tafuteni Sunn. Aliianzisha Max Commencal kusini mwa Ufaransa, na miaka ya 1990 Sunn ilikuwa inaogopwa kwenye mbio. Baadaye bwana huyo alitoka, akafungua kampuni nyingine Andorra mwaka 2000 kwa jina lake mwenyewe. Anne-Caroline Chausson, aliyekua kwenye baiskeli za Sunn, ndiye mwanamke wa kwanza kupata dhahabu ya BMX kwenye Olimpiki, Beijing 2008. Nasema haya kwa sababu Sunn niliiona hapa Kamalondo kwa macho yangu, inauzwa kama chuma chakavu.

MwanaKatuba

Papa, aksanti sana. Sunn sikuwa nimeiweka na hapa kwetu ina maana kuliko nyingi za Marekani.

KIPANDE CHA 2: MAJINA YANAANZA KUTEMBEA

Kipande hiki someni polepole, kwa sababu ndicho kinachowagharimu watu pesa sokoni.

Schwinn ni kampuni ya Chicago tangu 1895. Baiskeli yao ndiyo iliyozaa mchezo, lakini wakachelewa kuingia kwenye BMX kwa kuiona hatari. Mwaka 1980 wafanyakazi wa Chicago waligoma, na kufika 1983 kiwanda hicho kilikuwa kimefungwa. Kazi ikahamia kwa watu wa nje, hasa Giant ya Taiwan, kampuni iliyoanzishwa 1972 na ambayo wakati huo riziki yake ilikuwa kuwatengenezea wengine. Giant walijifunza kazi, kisha wakaanza kuuza kwa jina lao. Mwaka 1992 Schwinn ikafilisika.

Mongoose: Hess aliuza kampuni mwaka 1985. Kuanzia hapo jina likapita mkono hadi mkono.

GT ilikua hadi ikawa inamiliki majina mengine: Dyno, Robinson, Powerlite. (Wengi sokoni hawajui hili. Ukikuta Dyno ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 unaangalia mtoto wa GT, na bei yake huwa chini kwa sababu muuzaji halijui jina.) Mwaka 1996 Richard Long alifariki kwa ajali ya pikipiki. Mwaka 1998 GT ikanunuliwa na wenye Schwinn wa wakati huo. Mwaka 2001 zote mbili zikaingia kwenye ufilisi pamoja, na majina yote mawili yakachukuliwa na Pacific Cycle, ambao tayari walikuwa na Mongoose. Mwaka 2004 Pacific wenyewe wakanunuliwa na Dorel ya Kanada. Mwanzoni mwa 2022 Dorel wakauza upande wao wa baiskeli kwa Pon ya Uholanzi.

Yaani Schwinn, Mongoose na GT, zilizokuwa zinapigana kila Jumapili kwenye vumbi la California, zimekuwa chini ya paa moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwishoni mwa 2024 GT ikatangaza kwamba inasimamisha kutoa baiskeli mpya. Jina ambalo vijana wetu wanalisoma kwa sauti kubwa sokoni, nyumbani kwake limesimama.

SE nayo iliingia chini ya Advanced Sports, wenye Fuji. Kampuni hiyo ilifilisika 2018, ikanunuliwa mwaka uliofuata. Leo SE inajulikana zaidi kwa baiskeli kubwa za inchi 26 hadi 29 ambazo watu wazima wanazipanda mjini kwa gurudumu la nyuma peke yake. Breithaupt alifariki 2015.

Kwa soko letu mambo ni hivi: Mongoose ya kabla ya 1985 na Mongoose ya supamaketi ya miaka ya 2000 zinashiriki jina na mnyama aliyechorwa, basi. GT ya miaka ya 1980 na 1990 nyingi ni chuma cha heshima, hasa zile za daraja la juu. Schwinn ni lazima uangalie moja moja.

Tunduma_Kasumbalesa

Wakubwa, mimi napakia mizigo kutoka Dar hadi huko kwenu, kwa hiyo nafungua kontena nyingi. Swali langu: maelezo haya yanamaanisha kila kilichotengenezwa Taiwan au China ni kibovu? Maana stika ya Taiwan nimeiona kwenye baiskeli ambazo zimebeba magunia miaka na hazijatetereka.

MwanaKatuba

Kaka, hapana, na nashukuru umeuliza. Mafundi wa Taiwan ni kati ya wachomeleaji bora duniani. Fremu nyingi za bei kubwa kabisa za BMX leo zinatoka huko. Kiwanda hufuata mchoro na bei iliyoagizwa. Ukiwaagiza kromoli 4130 tupu watakuchomelea kromoli tupu, na mlango wa pili wa kiwanda hichohicho kinatoka chuma cha kawaida kwa aliyeagiza cha kawaida. Ndiyo maana nasema stika ya nchi haitoshi, kama jina lisivyotosha.

Kwado_wa_Kenya

Jambo yenu. Miye niko natengeneza kinga hapa soko la Kenya, wengine mnanijua. Mwenye uzi amesema historia, miye nitasema vile mikono yangu inaona.

Geuza kinga, magurudumu juu. Angalia bomba la kranki. Kama kranki ni chuma kimoja kilichokunjwa, kinaingia upande huu na kutokea upande ule, hiyo ni ya kipande kimoja. Zamani sana hata nzuri zilikuwa nazo, walikuwa wanazitoa kule Ashtabula, Ohio. Lakini kinga ya baada ya miaka ya 1990 yenye kranki ya kipande kimoja, mara nyingi ni ya bei ndogo. Vipande vitatu, mikono miwili na ekseli katikati, hiyo iliundwa kwa mtu anayeruka.

Angalia mabati mawili ya nyuma yanayoshika ekseli. Membamba, yamekatwa na mashine kutoka kwenye bati na kubanwa: kinga ya mtoto wa kutembea. Manene, yamechongwa: ya kazi. Tundu la ekseli ya nyuma la milimita 14 ni la fristaili. La milimita 10 ni la mbio au la kinga ya kawaida.

Kisha stika ya chuma. Ikisema kromoli kwenye bomba la chini tu, mabomba mengine ni chuma cha kawaida. Kinga ya kromoli tupu ya inchi 20 inakaa kilo 10, 11 na kitu. Ukiinua na mkono ukakataa, stika inadanganya.

Sasa neno langu kwa vijana: msipeleke kromoli kwa mchomeleaji wa madirisha. Fimbo yake ya umeme inapasha chuma kwa nguvu, kinakuwa kigumu pembeni ya mshono, na wiki chache kinapasuka palepale pembeni. Ukitaka kuokoa fremu ya ukumbusho, lehemu kwa shaba ya njano na moto wa gesi, polepole, na ipoe yenyewe bila maji. Hata hivyo isirukwe tena. Na ya alumini kama PK Ripper, ikipasuka imeisha, itundike ukutani.

Petit_Kampemba

Papa Kwado, hapo kwenye kranki ya vipande vitatu umenigusa. Profile ya Florida, hao walikuwa wanatengeneza chesisi za magari ya mbio kabla ya kuingia kwenye BMX, na kranki zao watu wanazipanda kwa miongo. Niko na mkono mmoja wa kushoto peke yake, natafuta wa kulia!

Lakini Yaya MwanaKatuba, nina neno. Uzi wako unakaa sana kwa wafu. Sisi tunaopanda leo hatuhitaji Mongoose ya 1979. Kampuni zilizo hai ziko wapi?

MwanaKatuba

KIPANDE CHA 3: WAPANDAJI WENYEWE WANACHUKUA KAZI

Mdogo wangu, hapa ndipo zilipo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 BMX ilianguka. Maduka yalihamia kwenye baiskeli za milimani, kampuni kubwa zikafukuza timu zao, na zile zilizobaki ziliuza fremu ambazo wapandaji wenyewe walikuwa wanazivunja kila wiki. Kijana anayeruka futi kumi juu ya ukuta anatua na fremu iliyochorwa na mtu ambaye hajawahi kuruka hata ngazi mbili. Basi vijana wakaanza kutengeneza za kwao.

S&M ilianza 1987 California. Mmoja wa waanzilishi, Chris Moeller, alikuwa mshindani, na mpaka leo kampuni hiyo inachomelea fremu zake Santa Ana, jambo ambalo ni wachache sana wanaloliweza sasa. Mat Hoffman, ambaye kwangu ni mpandaji mkuu wa njia za ukuta wa kizazi chake, alitoka timu ya Haro akafungua Hoffman Bikes huko Oklahoma City mwanzoni mwa miaka ya 1990. Standard ikatoka Iowa. Kink ikatoka Rochester, New York, mwaka 1994. WeThePeople ikatoka Köln, Ujerumani. Fremu zao za kwanza zilikuwa nzito, mabomba mazito, ekseli za milimita 14 mbele na nyuma, na hazikuvunjika. Hilo ndilo walilokuwa wanalitaka.

Miaka ya 2000 ikaja awamu ya kupunguza uzito bila kupunguza nguvu. Walijifunza kuipasha fremu moto kwa kipimo baada ya kuichomelea ili chuma chembamba kiwe na nguvu ya kinene. Gia nayo ikasinyaa: zamani mbele meno 44 na nyuma 16, leo mbele 25 na nyuma 9. Pigeni hesabu, uwiano ni karibu uleule, ila gia ndogo ina chuma kidogo na haigongi ukingo wa saruji mpandaji anapoteleza juu yake. Odyssey, walioanza miaka ya 1980 na kuuza ile Gyro ya Brian Scura inayoruhusu stelingi kuzunguka bila kukata waya wa breki, wakawa kati ya wanaoongoza katika vipuri. Ukiongeza Sunday, Fit, Cult, Subrosa za Marekani, Federal ya Uingereza, BSD ya Glasgow, Flybikes ya Hispania na Colony ya Australia, una picha ya kampuni ambazo wapandaji wa leo wanazitaja.

Kwa nini nazipenda? Mwenye kampuni bado yuko juu ya baiskeli, au alikuwa juu yake majuzi tu. Fremu ikipasuka anapasuka nayo yeye au rafiki yake. Kampuni kubwa zilipoteza hilo zilipouzwa, na kwa maoni yangu ndilo lililoziangusha zaidi ya ushindani wa bei.

Mbio pia zina njia yake. Shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, liliichukua BMX mwaka 1993, Olimpiki ikaipokea 2008, na fristaili ikaingia kwenye Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Afrika Kusini ilikuwa na Sifiso Nhlapo pale Beijing 2008 na London 2012. Colombia, nchi ambayo zamani hakuna aliyeitaja kwenye mchezo huu, ina kampuni yake ya baiskeli, GW, na mwanamke wao Mariana Pajón alichukua dhahabu 2012 na tena 2016.

Papa_Kamalondo

Hiyo ya Colombia nimeisoma mara mbili. Nchi yenye milima, yenye vita ya miaka mingi, imetoa bingwa na imetoa kinga yake yenyewe. Sisi huku tuna wachomeleaji kila kona na ardhi tambarare. Vijana wasikie.

Mama_Ruashi

Jambo yenu baba zangu. Nimesoma yote, mambo ya makampuni mengine yamenipita lakini nimeelewa la kuangalia chini. Mtoto wangu wa kiume ana miaka minane, anataka BMX ya inchi 20. Kuna moja nimeonyeshwa, tairi ya nyuma imekufa. Nilinunua tairi mpya ya inchi 20, haikuingia kabisa, na muuzaji hataki kuirudisha. Tairi ya inchi 20 si ni ya inchi 20? Nifanye nini?

Kwado_wa_Kenya

Mama, pole. Hii inatokea kila siku hapa kwangu na watu wanalia bure.

Inchi 20 ziko za aina nyingi. Usisome 20, soma namba ndogo pembeni ya tairi. Kuna namba mbili zenye kistari katikati, kama 47-406. Hiyo 406 ni kipenyo cha ringi kwa milimita, pale tairi inapokaa. BMX nyingi ni 406. Zile nyembamba za mbio za watoto wepesi ni 451. Tairi ya 451 kwenye ringi ya 406 inacheza, ya 406 kwenye ringi ya 451 haiingii hata ukiita watu watatu.

Kama hakuna namba hizo, angalia vile wameandika upana. Imeandikwa kwa nukta, 20 x 1.75 au 20 x 2.10, ni 406. Imeandikwa kwa sehemu, 20 x 1 3/8, ni 451.

MwanaKatuba

Naongeza hapo kwa Kwado: kuna Schwinn za watoto za zamani zilizoandikwa 20 x 1 3/4. Mtu anafikiri 1 3/4 na 1.75 ni kitu kimoja, kumbe Schwinn ile ni 419. Ringi hiyo haipokei 406 wala 451. Mama, kama baiskeli uliyoonyeshwa ni Schwinn ya zamani, mwambie muuzaji atoe na ringi nyingine au apunguze bei ya ringi.

Kuhusu ukubwa: mtoto wa miaka minane inchi 20 inamfaa, ila BMX za inchi 20 zinatofautiana urefu wa bomba la juu. Yenye bomba la inchi 20.5 au 21 ni ya mtu mzima, atajinyoosha na kuchoka. Mtafutie ya inchi 18 hadi 19 na kidogo. Asikae tu, asimame juu ya pedeli na ashike stelingi. Viwiko vikiwa vimekunjika kidogo, inamtosha. Na kiti cha BMX kinakaa chini, ndivyo kilivyoundwa. Wasimwinulie bomba la kiti hadi mwisho ili aonekane anatosha, litapinda.

Tunduma_Kasumbalesa

Nimepiga picha ya maelezo ya 406 nimewatumia wanaopakia. Kuanzia sasa BMX zikija naomba stika zisikwanguliwe na rangi isiguswe.

MwanaKatuba

Kaka, hilo peke yake limenilipa kazi ya kuandika. Na namba iliyogongwa kwenye fremu, chini ya bomba la kranki au kwenye bati la nyuma, isipigwe brashi ya waya. Kwa fremu nyingi za zamani namba hiyo ndiyo inayotuambia mwaka.

Jambo lingine, vijana wa Katuba na Kampemba. Tunataka kutengeneza njia fupi ya mbio kabla mvua ya Novemba haijaanza. Udongo wa kichuguu ndio bora kwa vilima vya kurukia. Ukilowanishwa na kushindiliwa unashika, ndiyo maana watu wanafyatulia matofali. Mwenye kiwanja chenye kichuguu kinachotakiwa kuondolewa aniandikie pembeni.

Petit_Kampemba

Niko tayari na koleo. Yaya, Papa Kwado, nimerudi na habari za ile Kuwahara. Nimewafukuza kuku nikaiosha. Fremu nzima, hakuna ufa, namba inasomeka. Foko ndiyo yenye ufa, chini ya pale inapoingia kwenye fremu, mrefu kama kucha. Jirani anauza vyote pamoja, hataki kutenganisha. Kuna foko mpya ya kichina naweza kuipata kwa bei ndogo. Ninunue?

MwanaKatuba

Nunua leo. Foko hiyo usiipande hata kufika barabarani. Ikikatika hapo uso ndio unaotangulia.

Kwado_wa_Kenya

Na ile mpya usinunue bado. Za leo shina lake, lile bomba linaloingia kwenye fremu, ni inchi 1 na 1/8, halina nyuzi za skrubu. Kuwahara ya miaka ile ni inchi 1 yenye nyuzi, foko mpya haitapita kwenye bomba. Niko na foko mbili za inchi 1 zilizotoka kwenye kinga za zamani, moja ni kromoli. Leta fremu pamoja na foko iliyopasuka, tupime urefu wa shina kwanza, kwa sababu nyuzi zikiwa fupi vikombe vya stelingi havikazi.